Amri ya Kuchuchumaa

Mke wa ofisa mpya alikuja kupima madirisha kabla wenye nyumba hawajahama. Alibisha hodi, akaingia na futi ya kushonea shingoni, akaomba radhi, akarudia kuomba radhi, na huku anaomba macho yake yalikuwa yameshalipanga kabati lake kwenye kona ya televisheni. Mimba yake ilikuwa kubwa. Alipovuta kigoda ili apande, Sajenti alimshika mkono.

"Usipande na hali hiyo, mwanangu. Nipe hiyo futi."

Ndivyo Sajenti wa magereza, mwanamke aliyevaa sare tangu ujana wake hadi alipostaafu, alivyopanda kigoda ndani ya nyumba yake na kumpimia mwenzake mapazia. Alisoma vipimo kwa sauti, mgeni akaviandika kwenye simu. Mume wa Sajenti aliwatazama kutoka kwenye kiti chake karibu na mlango, mkono wa kulia umelala pajani kama si wake. Kiharusi kilikuwa kimemchukua upande mmoja wa mwili na maneno mengi, lakini utani kilimwachia.

"Nipimeni na mimi," alisema kwa shida. "Labda natosha dirisha la jikoni."

Mgeni alicheka, kisha akaona aibu kwa kucheka, akaaga. Alipofika mlangoni alinong'ona kwamba mume wake anauliza, kwa heshima zote, kama mwisho wa mwezi itakuwa sawa.

"Mwambie itakuwa sawa," alisema Sajenti.

Haikuwa sawa hata kidogo. Nyumba ile ilikuwa kota ya magereza, na kota ni ya kazi. Kazi ikiisha, na nyumba imekwisha. Kiinua mgongo kilikuwa bado kinazunguka kwenye meza za watu, na kile kidogo kilichotangulia kilimezwa na hospitali. Binti yao alikuwa msusi saluni, naye alipanga chumba kimoja na mwenzake. Kila mwenye nyumba waliyemfuata aliwauliza wanafanya kazi gani, na akisikia wamestaafu, nyumba ilikuwa imepata mtu jana yake.

*

Kulikuwa na ofisi iliyowasaidia watu waliovua sare kutafuta kazi nyingine: polisi, wanajeshi, zimamoto, magereza. Ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi za nyumba, na ndani alikaa kijana mwenye tai iliyolegea ambaye wote walimwita Mshauri. Nje ya mlango wake kulikuwa na benchi, na juu ya benchi wazee wenye migongo iliyonyooka, wamekaa kama wanafunzi waliochelewa.

"Toka, uingie upya," Mshauri alimwambia Sajenti.

Alitoka, akaingia, akasimama mbele ya meza visigino vimegusana.

"Mama yangu, ukisimama hivyo mtu anadhani umekuja kumkamata. Legeza mabega. Tabasamu."

Alitabasamu. Mshauri alitazama pembeni kidogo.

"Hilo tutalifanyia kazi. Haya, umekuwa ukifanya nini miaka yote hii?"

"Kulinda wafungwa."

"Hapana. Umesimamia ustawi wa wanawake na watoto wao katika makazi ya pamoja."

"Makazi ya pamoja?"

"Si walikuwa wanalala pamoja?"

"Walikuwa wanafungiwa, baba."

"Hilo la kufungiwa tuliache humu humu ofisini."

Walicheka wote wawili, na kwa Sajenti kilikuwa kicheko cha kwanza tangu alipokabidhi sare. Lakini hotelini, alikokwenda kuomba kazi ya kusimamia wafagizi, meneja alimwuliza kama anaumwa jino. Kampuni ya ulinzi ilimtaka, ila kwa zamu ya usiku tu, kusimama peke yake kwenye geti la ghala; na usiku ndipo mume wake alipohitaji kugeuzwa kitandani, kushikwa, kupelekwa msalani. Kiwanda cha sabuni kilimwambia kitapiga simu. Alikaa na simu mapajani kama anayelea mtoto.

Mwisho wa mwezi ulipokaribia, Mshauri alimwita, akafunga mlango.

"Kuna shule ya bweni ya wasichana. Wanatafuta matroni. Kazi inakuja na nyumba, vyumba viwili, iko pale pale kando ya bweni."

Sajenti hakusema kitu. Aliogopa akisema, nyumba hiyo itapata mtu.

"Mkuu wa shule hakutaka mtu wa magereza hata kusikia. Nimemwomba ajaribu mmoja tu. Akiridhika na wewe, atachukua wengine, na anawajua wakuu wenzake. Umeliona benchi langu. Mama, nakusihi, usiniangushe."

"Sitakuangusha."

*

Na hakumwangusha. Wiki za kwanza bweni lile liligeuka. Mashuka yalifuliwa na kuanikwa kwa zamu, chawa wakatoweka, mlango wa choo uliokuwa umening'inia tangu zamani ukapata bawaba. Msichana akiumwa tumbo, Matroni alishajua kabla hajasema. Alisahau kutabasamu, lakini wasichana waligundua kwamba si mkali kama uso wake, wakaanza kuleta kwake vifungo vilivyokatika na siri zao ndogo ndogo.

Mume wake walimwita Babu. Alikaa barazani asubuhi, akawatania waliochelewa gwaride, nao wakamtania kwa kumwita mlinzi wa jua. Baada ya masomo mmoja wao alimpa bega, mwingine akashika fimbo, wakamtembeza hadi bombani na kurudi. Siku aliyofika bombani bila kushika bega la mtu, walipiga vigelegele mpaka mwalimu wa zamu akatoka kuuliza kuna nini. Jioni hiyo Babu alilia, akasingizia moshi.

"Hapa nitapona," alimwambia mkewe. "Usicheke. Nitapona."

Mkuu wa shule, mama mnene mwenye miwani aliyoivaa zaidi kifuani kuliko machoni, alikuja kukagua na kuondoka akitikisa kichwa kwa kuridhika. Alimwambia Mshauri kwamba muhula ukiisha atachukua na mlinzi kutoka kwenye lile benchi, na pengine dereva.

Kisha ikaja jioni ya mvua. Umeme ulikatika wasichana wakiwa kwenye korido wanajipanga kuhesabiwa kabla ya chakula. Wakapiga mayowe, kidogo kwa woga na zaidi kwa raha. Matroni alihesabu kwa tochi, akakosa mmoja. Akarudia, akakosa mmoja. Mlinzi akapita mbio nje akipaza sauti kwamba geti dogo la nyuma liko wazi. Matroni aliwaita wasichana watulie, hawakumsikia. Aliita tena, wakazidi kusukumana gizani. Katika kazi yake ya kwanza, hesabu isipotimia na geti liko wazi, kulikuwa na jambo moja tu la kufanya, na mdomo wake ulilifanya bila kumwuliza.

"Chuchumaa! Mikono kichwani! Hesabu!"

Kelele zikakatika. Wasichana walibaki wamesimama, midomo wazi, wakimtazama mtu ambaye hawakuwahi kumwona. Wawili watatu wakacheka.

Mmoja tu alikuwa chini. Alikuwa msichana mwembamba wa kidato cha kwanza, mpole, wa kawaida kabisa. Alikuwa amechuchumaa uso ukitazama ukuta, vidole vimefumwa nyuma ya kichwa, kidevu kifuani. Tena alikuwa amejisogeza kidogo upande, kama anayemwachia mtu mzima nafasi ya kuchuchumaa kando yake.

Matroni hakuutambua uso wa yule msichana; alikitambua kile kijinafasi. Gerezani, mama aliyejifungua ndani alikaa na mwanawe hadi mtoto afikie umri wa shule ya awali. Wengi wa watoto hao walicheza wakati wa hesabu. Mmoja hakucheza. Alichuchumaa pembeni ya mama yake kila asubuhi na kila jioni, mikono kichwani, na maaskari, Sajenti akiwa mmoja wao, walikuwa wakimhesabu na yeye kwa utani.

"Inuka, mwanangu," alisema. "Inukeni wote."

Aliyekosekana alipatikana kwenye stoo ya mashuka, amelala fofofo. Hakuna aliyejali tena. Msichana mmoja mwenye sauti kali alikuwa anawaeleza wenzake: "Mjomba wangu alifungwa. Tulienda kumwona. Ndivyo wanavyokaa. Ndivyo hasa."

*

Kesho yake kitanda cha yule msichana kilikuwa kimesogezwa mbali na vingine. Mezani alikula peke yake. Neno "mfungwa" lilitembea darasani chini chini, na hadi jioni lilikuwa limeshafika nyumbani kwa watu, maana wazazi walianza kupiga simu. Wote walikuwa wamewahi kusikia, kutoka kwa msichana mwenyewe, kwamba mama yake alifanya kazi za nyumbani nchi za mbali wakati yeye ni mdogo, na kwamba yeye alizaliwa huko.

Matroni alimkuta bombani anasugua soksi ambazo zilikuwa zimeshatakata.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba. Niangalie."

Hakumwangalia. "Mama atanilaumu. Aliniambia nisahau, na nimesahau. Kweli, Matroni, sikumbuki chochote. Sijui kwa nini nilikaa vile." Alikamua soksi. "Baba hajui. Baba wa sasa. Akijua atamfukuza mama."

Matroni alitaka kumgusa bega. Mkono wake haukujua uanzie wapi.

Mkuu aliitisha kikao, akampigia simu mama wa msichana, na Mshauri akampigia simu Matroni.

"Nisikilize vizuri, mama. Mkuu hana shida na wewe kabisa. Anajua ilikuwa giza, anajua ulichanganyikiwa. Wewe sema ulitoa amri ya kuwatuliza, basi. Wote waliisikia, mmoja akachuchumaa. Kwa nini alichuchumaa ni habari ya kwao, si yako. Usiongeze hata neno."

"Na mtoto?"

Mshauri alishusha sauti. "Mama, watoto wanahama shule kila siku. Wewe utahamia wapi?"

*

Mama wa msichana alikuja na gauni la heshima na mkoba alioubana kwapani. Alikuwa fundi cherehani. Ushonaji alijifunzia kulekule gerezani. Alipoingia ofisini na kumwona aliyekaa kando ya meza ya Mkuu, miguu yake ilisita. Msichana alikuwa amesimama dirishani. Mwalimu wa malezi alikaa kwenye kona, na nje, chini ya dirisha, kulikuwa na vichwa vya wasichana waliojifanya wanafagia.

"Mama, karibu," alisema Mkuu. "Nitasema wazi. Wazazi wananiuliza huyu mtoto ametoka wapi. Wanasema watoto wao hawawezi kulala na... unanielewa. Mimi mwenyewe sina ubaguzi. Lakini kwenye fomu uliandika mengine, na shule hii haianzi na uongo." Akamgeukia Matroni, akaivaa miwani. "Wewe ulikuwa askari kule. Unamfahamu huyu mama?"

Mama wa msichana alitazama sakafu. Magoti yake yalikuwa yameanza kukunjika kidogo kidogo chini ya lile gauni, na Matroni aliyaona.

"Simfahamu," alisema.

"Sasa mwanawe alijulia wapi kuchuchumaa vile?"

Hapo palikuwa na njia nyingi. Angeweza kusema hajui, na Mkuu angeendelea kuchimba, angepiga simu gerezani, angepata. Angeweza kunyamaza kama alivyoshauriwa, na jioni ile angerudi kwenye vyumba vyake viwili, amtembeze mumewe hadi bombani. Alifikiri juu ya bomba. Alifikiri sana.

"Nilimfundisha mimi," alisema.

"Unasemaje?"

"Tangu nilipofika. Alikuwa mtoto wa kwanza kunijibu vibaya, nikaona nimtie adabu. Nilikuwa namwita kwenye stoo ya mashuka, namchuchumaza, mikono kichwani, mpaka nichoke mimi. Nikamwambia akisema atajuta. Ndiyo maana aliposikia amri, alikaa. Wengine sikuwafikia bado."

Mwalimu wa malezi aliweka mkono mdomoni. Chini ya dirisha mifagio ilisimama.

Mkuu alivua miwani taratibu. "Mwanangu," alimwuliza msichana, "ni kweli?"

Msichana alimtazama mama yake. Mama yake hakuinua macho. Msichana akamtazama Matroni, mara ya kwanza tangu jioni ile.

"Ndiyo," alisema, na akaanza kulia.

Ndipo mama yake alipoinua kichwa. Labda alianza kwa kuigiza, kwa sababu mama yeyote angetarajiwa kusema kitu. Lakini baada ya maneno mawili ya kwanza hakuwa anaigiza tena.

"Mnyama wewe! Huna mtoto? Huna mtoto wewe? Unamchuchumaza mtu kama mbwa, asubuhi mbwa, jioni mbwa, mvua inanyesha, unahesabu, unacheka, unakosea unahesabu upya! Mimba, mtu ana mimba, magoti yanauma, wewe unakunywa chai! Unakunywa chai umesimama, unatutazama!"

"Mama, kaa chini," alisema Mkuu, akidhani uchungu umemchanganya maneno. "Kaa, mzazi wangu. Pole. Pole sana."

Matroni alikuwa ameshainuka kitini, mikono ubavuni, macho mbele. Hakujitetea. Hakukuwa na neno hata moja ambalo halikuwa lake.

*

Walikutana tena kwenye ngazi za ofisi, kwa dakika chache, Mkuu akiwa ndani anapiga simu kwa mfadhili wa shule. Mama wa msichana alikuwa anafuta uso kwa upindo wa mtandio.

"Sitakushukuru," alisema bila kumtazama.

"Sikukuomba."

"Yale niliyosema mle ndani..."

"Nimeyasikia."

Msichana alitoka. Wasichana wawili waliokuwa wanafagia walimfuata, wakamshika mikono, mmoja huku na mmoja huku, wakimpa pole na kumwambia kwamba yule matroni mbaya anaondoka, asiogope tena. Alikwenda nao. Alipofika kwenye kona aligeuza kichwa kidogo, kisha akakirudisha.

Mshauri alipiga simu kabla ya adhuhuri. Hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Nimeambiwa hawataki mtu wangu hata mmoja. Wala wakuu wenzake. Mlinzi niliyemwahidi kwamba muhula ukiisha ataanza, nitamwambia nini? Ana watoto wadogo yule. Kwa nini, mama? Ulikuwa na tatizo, si ungeniambia? Niliweka jina langu."

"Nisamehe, baba."

"Ni kweli ulifanya?"

Alitazama ukuta wa chumba chao, alioupiga chokaa kwa mikono yake. "Ni kweli," alisema.

*

Waliambiwa waondoke siku ileile. Binti alikuja mbio kutoka saluni na gari la mizigo la kukodi, vidole vyake bado vinanukia mafuta ya nywele. Alifunga vyombo bila kuuliza, kwa hasira, akivigonga. Wasichana walikuwa darasani, na wale waliopita karibu walitazama pembeni. Hakuna aliyekuja kumuaga Babu.

Alikaa barazani akisubiri kubebwa. Mkewe alipoinama kumvalisha viatu, alirudisha mguu wake mzima nyuma.

"Unatesa watoto?" Maneno yalitoka moja moja. "Wewe?"

Binti alikuwa kwenye gari. Sajenti alichuchumaa pale miguuni pa mumewe, kiatu mkononi, akamweleza kwa ufupi: hakumgusa mtoto yeyote. Yuko mtoto ambaye angeumia zaidi kama asingesema vile. Hakusema zaidi.

Alidhani ataelewa. Uso wa mumewe, ule upande uliokuwa hai, ulikunjamana.

"Na mimi?" alisema. "Mimi... si mtu? Nilikuwa natembea! Nilikuwa natembea, wewe mwanamke!"

Akatupa fimbo. Haikwenda mbali, ilianguka kwenye ngazi, na ikabidi yeye Sajenti aiokote, na amvalishe viatu, na amshike kwapani amwinue, na mumewe akamwachia uzito wake wote kwa makusudi, ili awe mzito.

*

Chumba cha binti kilikuwa na kitanda kimoja na pazia katikati. Mwenzake aliwapisha akaenda kwa dada yake, akasema ni kwa siku chache. Mzee alilala kitandani, mama na binti wakalala chini, na vyombo vilijaa hadi mlangoni hivi kwamba mtu aliingia kwa ubavu. Mzee hakuzungumza na mkewe. Alikula alicholishwa na binti. Akihitaji msalani alimwita binti, na binti alipokuwa saluni alijizuia mpaka akashindwa, na Sajenti akafua shuka bila neno.

Alikwenda tena ofisini juu ya duka la rangi. Alikaa kwenye benchi, mwishoni. Mzee aliyekuwa jirani yake, mzimamoto, alimwuliza kama yeye ndiye yule wa shule. Alipoitika, mzee akahama upande wa pili. Mshauri alimpokea amesimama. Hakumwambia alegeze mabega. Alimwambia geti la ghala bado lina nafasi ya zamu ya usiku, ikiwa anaitaka, na Sajenti akasema anaitaka.

Jioni ya kwanza ya kazi hiyo alivaa koti la kampuni lililomzidi mabega. Binti alikuwa bado hajarudi, na muda ulikuwa unakwenda. Alijifunga viatu, akakagua kama maji yako karibu na kitanda, akasimama.

"Yupi?" alisema mumewe nyuma yake.

Aligeuka. Mzee alikuwa anatazama dari.

"Yule mtoto. Ni yupi? Ni yule wa fimbo?"

Sajenti alishika kifungo cha chini cha koti.

"Yule mwembamba? Aliyekuwa ananipa bega?"

Alifunga vifungo vya koti kimoja kimoja, hadi cha juu. Mzee alisubiri. Nje mtu alikuwa anasukuma mkokoteni wa maji, na walimsikia akipita mpaka mwisho wa mtaa.

"Hata mimi huniambii," alisema mzee.

"Hata wewe."

Mzee aliacha kutazama dari. Kisha akanyoosha ule mkono wake mmoja mzima pembeni ya kitanda, kiganja kikiwa wazi.

"Basi nipeleke msalani kabla hujaondoka," alisema. "Binti yako ana vidole vya baridi."

Sajenti aliweka chini mkoba wake, akamshika kwapani. Safari hii mzee alijikaza, akasukuma sakafu kwa mguu wake mzima, akamsaidia kumwinua.